Maji ya rangi: kuyatuliza kwa shabu, kuyamalizia kwa magimbi



Juma hili najibu swali lililoletwa na wamama wanaotia rangi vikwembe. Kazi yao wengi mnaijua: kitambaa cheupe kinafungwa kwa kamba, kinachovywa, kinafunguliwa, na kinatoka na maua ambayo hakuna mashine inayoyarudia mara mbili. Vinauzwa vizuri, hasa wakati wa harusi na sikukuu. Likelemba yao inatoka humo, na minervali ya watoto kadhaa pia. Lakini majirani wa upande wa chini wamechoka. Maji ya mabeseni yanatelemka mtaroni, mtaro unaenda ziwani, na pale pale ziwani kuna wamama wanaoteka na watoto wanaooga. Leo mtaro ni wa buluu, kesho mwekundu. Chefu wa mtaa amewaambia wasimame mpaka wapate njia. Wao wanauliza: njia iko, au tutafute kazi nyingine?

Njia iko. Ila si dawa moja unayomimina na kwenda kulala. Ni njia mbili zinazofuatana, moja ya kemia na moja ya vitu vyenye uhai, na kila moja peke yake inaacha kazi nusu. Nitaeleza kwa nini, halafu tutashuka kwenye beseni lenyewe.

Kwanza tujue kilichomo katika maji hayo. Kuna rangi yenyewe. Rangi haishiki yote kwenye pamba. Kwa zile rangi zinazotiwa na chumvi na magadi, katika kila gramu 100 za unga mlionunua, gramu 10 mpaka 50 zinaondoka na maji. Hiyo ni pesa yenu inayotelemka mtaroni, nayo ni sababu ya kwanza ya kuyaangalia maji hayo vizuri. Kuna chumvi na magadi. Na kwa wale wanaotumia rangi za kuchemsha, zile zinazogeuka rangi kitambaa kikipigwa na hewa, kuna soda kostiki na idrosulfiti. Kostiki inaunguza ngozi na kuua karibu kila kiumbe kidogo kinachoikuta. Idrosulfiti inanyonya oksijeni ya maji, na samaki hawezi kupumua mahali oksijeni imenyonywa.

Rangi nayo, hata kama haina sumu kali, inafunga mwanga. Katika ziwa letu jua ndilo linalolisha mimea midogo ya majini isiyoonekana kwa jicho, wadudu wadogo wanakula mimea hiyo, ndakala wanakula wadudu hao, mikebuka wanakula ndakala, na sisi tunakula wote wawili na bukari. Beseni moja halifungi ziwa, ni kweli. Lakini mtaro haumimini katikati ya ziwa kwenye kina. Unamimina ukingoni, kwenye maji mafupi, mahali samaki wengi wanapotagia na ndoo zetu zinapochota.

Tena Tanganyika si mto. Lina kina cha karibu mita 1,470, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga, hapa hapa kwetu Kalemie. Sehemu kubwa ya maji yanayoliacha ziwa haipiti hata Lukuga, inapanda hewani kama mvuke. Mvuke haubebi rangi wala chumvi. Kitu tunachokitia humo kinakaa na wajukuu.

Sasa, kwa nini rangi ni ngumu kuondoa? Mwaka 1856 kijana mmoja wa London, William Henry Perkin, mwenye miaka 18, alikuwa anajaribu kutengeneza kinini, dawa ya malaria. Kinini hakupata. Alipata uchafu wa zambarau ambao ulishika kwenye hariri na haukutoka kwa kufua. Kutoka pale viwanda vikaanza kutengeneza rangi kwa maelfu, na zote zilitafutiwa sifa ile ile: zisififie kwa jua, zisitoke kwa sabuni, zisiharibiwe na jasho. Mama anayenunua kikwembe sokoni anauliza nini? “Haichuji?” Basi ile sifa anayoitafuta mnunuzi ndiyo taabu ya mtaro. Rangi isiyoshindwa na jua na sabuni haishindwi kirahisi na vijidudu vya ziwani pia. Vijidudu vinakula mabaki ya bukari kwa siku chache. Mbele ya rangi ya kiwandani vinasimama kama mtoto mbele ya nazi isiyopasuliwa.

Hapo ndipo watu wa kemia wanapoingia. Zipo namna mbili kubwa. Ya kwanza ni kushikisha: unatia kitu kinachofanya chembe za rangi zigandane, ziwe nzito, zishuke chini. Shabu inafanya hivyo. Ni ile chumvi nyeupe inayong'aa kama kipande cha barafu, ambayo vinyozi wanapaka kidevuni baada ya wembe. Ndugu yake, sulfati ya alumini, Regideso inaitumia kutuliza tope kabla ya kutia dawa ya kuua vijidudu. Namna ya pili ni kuvunja: unatia kitu kikali kinachokata molekuli ya rangi vipande. Mwingereza Henry Fenton alieleza mwaka 1894 kwamba chumvi ya chuma ikikutana na maji ya oksijeni, yale ya kusafisha kidonda yanayouzwa farmasi, inatokea nguvu ya kuunguza vitu ambayo kimoja peke yake hakina. Viwanda vingi vya nguo duniani vinatumia njia hiyo leo, na vingine vinatumia ozoni. Nimeitaja ili muijue, si ili muifanye uani. Inataka vipimo, asidi na mtu aliyeisomea.

Kemia peke yake ina shida zake. Kushikisha hakumalizi rangi, kunaihamisha tu kutoka kwenye maji kwenda kwenye tope la chini ya pipa. Kuvunja kunamaliza kweli, lakini ukitaka kuvunja mpaka mwisho kabisa gharama inapanda, kwa sababu vipande vya mwisho vinakula dawa nyingi kuliko vya kwanza. Na mara nyingi unamaliza dawa ghali kwa kuunguza wanga na uchafu mwepesi ambao kijidudu angeula bure.

Vijidudu peke yao nao? Hapa kuna jambo ambalo nataka kila mama alishike hata akisahau mengine yote. Rangi nyingi sana za nguo ni za jamii inayoitwa azo. Ndani yake kuna kiungo, kama fundo linaloshika kamba mbili, na fundo hilo ndilo linalotoa rangi. Vijidudu vinavyoishi pasipo hewa, kama vile vya tope la kinamasi, vinaweza kulikata fundo hilo vikipewa chakula. Fundo likikatika rangi inapotea na maji yanakuwa meupe. Kila mtu anashangilia. Kumbe zile kamba mbili zilizobaki ni vitu vinavyoitwa amini, havina rangi, na baadhi yake ni sumu kuliko rangi yenyewe. Ziko zinazojulikana kuleta kansa. Maji meupe yanaweza kuwa mabaya kuliko yale mekundu, na mabaya zaidi kwa sababu mtoto hayaogopi tena.

Lakini amini hizo zinaliwa na vijidudu vingine, vile vinavyotaka hewa. Kwa hiyo kazi ya vijidudu inataka vyumba viwili, kimoja bila hewa na kingine chenye hewa, na kabla ya hapo inataka mtu awapunguzie mzigo kwa kemia, awaondolee kostiki inayowaua na rangi nyingi inayowalemea.

Wamama wa Kalemie hawana haja ya profesa kuelewa hili. Muhogo mchungu tunaufanyaje? Tunauloweka siku kadhaa, na wakati huo vijidudu vinaulainisha na kusaidia sumu itoke. Halafu tunauanika, tunautwanga, tunausonga kwa moto. Hakuna anayesema “nitaupika tu kwa moto mkali, sitauloweka”, wala “nimeuloweka, basi tuule hivyo hivyo”. Kila hatua inaacha kitu kwa hatua inayofuata. Maji ya rangi yanafuata mwendo huo huo, isipokuwa hapa moto unatangulia na kuloweka kunafuata.

Wazee wetu wa Afrika walijua pia kushirikisha vitu hivi viwili, ingawa wao kwa kutia rangi, si kwa kuitoa. Huko Kano, Nigeria, kuna mashimo ya nili yanayoitwa Kofar Mata, ambayo wenyewe wanasema yalianza mwaka 1498. Majivu yanatoa ukali unaofanya kazi ya kostiki, na vijidudu vinavyochacha shimoni vinafanya kazi ambayo leo tunainunua kama idrosulfiti. Mwenye duka la kemikali hakuwepo.

Je, kuna mtu aliyejaribu jambo hili kwa wamama wa batiki kama sisi? Ndiyo, ng'ambo ya ziwa, Dar es Salaam. Mwaka 2005 mtafiti Stephen Mbuligwe, wa chuo ambacho sasa kinaitwa Chuo Kikuu Ardhi, alichapisha matokeo ya majaribio aliyofanya na maji ya mahali wanapotengeneza batiki na vitambaa vya kufunga. Aliyapitisha katika vitanda vya kinamasi vilivyotengenezwa kwa mikono. Kitanda kimoja kilipandwa magimbi, yale wengine huita mateke. Kingine kilipandwa yale majani marefu ya kinamasi yenye kichwa cha kahawia kama soseji. Kingine kiliachwa bila mmea. Vitanda vyenye mimea viliondoa karibu robo tatu ya rangi. Kile kisicho na mmea kiliachwa nyuma sana.

Magimbi, wamama! Siyo mashine ya Ulaya. Shina la magimbi linatuma hewa kidogo mpaka mizizini, kwa hiyo pembeni ya mzizi kuna vijidudu vya hewa, na hatua chache kutoka hapo, kwenye kokoto zilizojaa maji, kuna vile visivyotaka hewa. Vyumba viwili nilivyosema viko ndani ya kitanda kimoja. Na ile robo ya rangi iliyobaki ndiyo inayonifanya niseme tutangulize shabu.

Mtaniuliza mbona mji huu ulikuwa na Filtisaf, kiwanda kizima cha kusokota na kufuma, na leo tunahangaika na mabeseni. Kiwanda kina mlango mmoja wa maji, kwa hiyo mtu anaweza kujenga mtambo mmoja pale mlangoni. Sisi tuna mabeseni mengi katika nyua nyingi. Ndiyo maana shauri langu la kwanza kwa kikundi si la kemia: tieni rangi zote mahali pamoja, siku moja au mbili kwa juma, ili maji yote yaishie katika pipa moja. Bila hilo hayo mengine hayawezekani.

Sasa tushuke kazini.

Punguzeni kabla ya kusafisha. Pimeni unga kwa mizani, msikisie kwa kiganja. Anzeni na rangi nyepesi, mmalizie na nzito katika beseni lile lile. Maji ya suuza ya kwanza yahifadhiwe kwenye bidoni, yatumike kuchanganyia rangi nyeusi au kahawia ya safari ijayo. Chumvi pia msiimimine ovyo, kwa sababu hakuna hatua hata moja kati ya hizi itakayoiondoa. Shabu haiondoi chumvi, magimbi hayaondoi chumvi. Mliyoitia ndiyo itakayotoka.

Maji yaliyobaki na ya suuza yaende pamoja kwenye pipa la wazi, nje, mahali penye upepo. Kama mmetumia idrosulfiti, yakorogeni kwa mti mrefu mara nyingi na muyaache mpaka kesho yake. Hewa yenyewe ni kemia ya bure hapa: inamaliza idrosulfiti iliyobaki, na rangi za kuchemsha zikipata hewa zinarudia hali yake ya unga usioyeyuka na kuanza kushuka chini. Msiharakishe hatua hii. Ukitia siki au ndimu katika maji ambayo bado yana idrosulfiti, inatoka hewa ya kibiriti inayokaba kifua. Mwenye pumu asisogee kabisa.

Kesho yake, ondoeni ukali wa kostiki. Shabu haigandi katika maji makali ya kostiki, na magimbi yatakufa. Tieni siki au maji ya ndimu kidogo kidogo huku mkikoroga, na glavu mikononi. Mtajuaje imetosha? Kama mna karatasi za kupimia asidi, vema. Kama hamna, chemsheni maua mekundu ya ngai-ngai, yale ya kinywaji. Chukua kikombe cha maji safi, tia matone ya ngai-ngai, halafu tia kijiko kimoja cha maji ya pipa. Ikigeuka kijani, kostiki bado ipo. Ikikaa kati ya zambarau na wekundu mpole, endeleeni. Nimefanya jaribio hili na wanafunzi kwa siki na maji ya majivu, na sijawahi kuona darasa lililokaa kimya hivyo.

Kisha shabu. Kiasi gani? Hakuna atakayewaambia kwa kukisia, kwa sababu kila pipa ni tofauti. Kuna jaribio la chupa ambalo hata wahandisi wa maji wanalifanya. Yeyusha kijiko kimoja cha mezani cha shabu iliyosagwa katika litre moja ya maji. Panga chupa tano za plastiki zinazopitisha mwanga, kila moja nusu litre ya maji ya pipa. Chupa ya kwanza tia kijiko kimoja cha maji ya shabu, ya pili viwili, mpaka ya tano vitano. Tikisa kwa nguvu kidogo, halafu polepole, halafu ziache nusu saa. Mtaona vipande kama maziwa yaliyokatika vinashuka. Chagueni chupa yenye shabu kidogo kuliko zote kati ya zile zilizotulia vizuri, na mfanye hesabu ya pipa zima kutoka hapo. Ni hesabu ya darasa la tano, mpeni mtoto aifanye. Na jaribio hilo lirudiwe kila mkibadilisha rangi.

Niwe mkweli: rangi za kuchemsha zinashuka vizuri kwa shabu. Zile za chumvi na magadi, hasa nyekundu na buluu kali, zinapenda sana maji na nyingi zitabaki juu. Chupa tano zitawaonyesha. Kama hazishuki, msiongeze shabu kwa hasira. Punguzeni matumizi ya rangi hizo, na kinachobaki kipeni muda mrefu zaidi kwenye magimbi.

Maji ya juu yaliyotulia yatolewe kwa mpira. Tope la chini limiminwe juu ya kitambaa kizito, likauke juani, mbali na kuku na mbuzi. Tope hilo ndilo rangi yenyewe imekusanyika. Haliendi shambani, haliendi jalalani ambapo watoto wanachezea. Chimbeni shimo juu, mbali na visima, litandikeni shitingi, na mlifunike kila mkitia. Nasema juu kwa sababu mwaka 2024 sote tuliona ziwa lilivyopanda mpaka likaingia katika nyumba za watu. Shimo la ukingoni lingetapika yote.

Halafu kitanda. Shimo refu lisilozidi kina cha mkono, limetandikwa shitingi isiyotoboka, limejazwa kokoto zilizooshwa. Maji yanaingia upande mmoja na kutoka upande wa pili, na usawa wake uwe chini ya kokoto, yasionekane juu. Hili ni la lazima: maji yakisimama wazi mtakuwa mmefuga mbu, na malaria tuliyo nayo inatosha. Panda magimbi kwa ukaribu, yape maji ya kawaida mpaka yashike, na chini ya kokoto tia ndoo ya tope la kinamasi ili vijidudu viwe na mbegu. Maji ya rangi yaanze kidogo, yakichanganywa na maji ya kuoshea sufuria ya bukari. Wanga huo ndio chakula cha vijidudu wanapokata lile fundo la azo. Bila chakula hawafanyi kazi. Maji yakae ndani siku tatu au zaidi kabla ya kutoka. Ukubwa wa kitanda unatokana na hapo: kama kwa siku tatu mnatoa litre 200, kitanda kiweze kubeba litre 200 katikati ya kokoto, na kokoto zinaacha nafasi chini ya nusu. Kwa hiyo shimo liwe la litre 500 au zaidi.

Na magimbi hayo hayaliwi. Siyo majani, siyo kiazi, siyo hata mwaka wa njaa. Najua yatanawiri sana, na najua jirani atayatamani. Zungusheni ua, na muwaambie watoto wazi kwamba ni mashine, si shamba. Kama mnaona jaribu ni kubwa mno, pandeni yale majani marefu ya kinamasi, hayo hakuna anayeyatamani.

Mtajuaje maji yanayotoka yamepona? Macho hayatoshi, tumeshaona habari ya amini. Tumieni maharagwe. Weka mbegu kumi katika sahani yenye kitambaa kilicholowa maji safi, na kumi katika sahani yenye maji ya kitanda. Baada ya siku tano pimeni mizizi kwa rula. Kama mizizi ya sahani ya pili ni mifupi sana au mbegu hazikuota, yarudisheni kitandani. Jaribio hilo halisemi maji yanaweza kunywewa. Hakuna siku maji haya yatakuwa ya kunywa, wala ya kuoshea sombe. Yatumike kusuuzia kitambaa kizito cha kwanza, au yanyonywe na ardhi mbali na kisima, chini ya miti isiyo ya matunda.

Kuna jambo nimesikia katika nyua mbili: wamama wanaomimina Javeli katika maji ya rangi mpaka yawe meupe, halafu wanayamwaga kwa moyo mweupe pia. Acheni, tafadhali. Javeli inaficha rangi, na klorini ikikutana na vipande vya rangi inaweza kutengeneza vitu vibaya zaidi. Ikikutana na siki inatoa hewa ya sumu. Ikikutana na idrosulfiti inapata moto. Na ikifika kwenye kitanda inaua vijidudu wote mliowalisha bukari. Javeli tuna kazi yake nyingine katika mji huu ambao kipindupindu kinarudi mara kwa mara. Na kwa upande wa pili, msidhani kwamba maji yaliyotulizwa kwa shabu yameuliwa kipindupindu. Kutuliza siyo kuua. Maji ya kunywa bado yanataka klorini au kuchemshwa.

Neno moja kwa wenye watoto wadogo, na nalisema kwa ukali. Kostiki haikai katika chupa ya Fanta. Mtoto anaona chupa, anakunywa, na koo linaungua kwa dakika moja. Ikitokea, msimtapishe, msimpe siki. Msuuzeni mdomo kwa maji na kukimbia hospitali na chupa ile mkononi. Idrosulfiti nayo iwe kwenye chombo kikavu kilichofungwa vizuri, kwani ikilowa kidogo inaweza kuwaka yenyewe.

Kwa chefu wa mtaa, maana najua gazeti hili linafika kwake pia: sheria nambari 11/009 ya Julai 2011 ya mazingira inatuhusu sote, na nchi yetu pamoja na Burundi, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kulinda ziwa hili mwezi Juni 2003 kule Dar es Salaam. Wamama wanapaswa kuyafuata, ndiyo. Lakini kuwanyima kazi wanawake wenye mabeseni matano bila kuwapa muda wa kuchimba kitanda kimoja si kulinda ziwa. Miezi mitatu ingetosha: mwezi wa kuchimba, mwezi wa magimbi kushika, mwezi wa kujaribu maharagwe.

Gharama kubwa ni shitingi na kokoto, na vyote viwili vinanunuliwa mara moja. Shabu inanunuliwa kila mara, kwa hiyo iingizwe katika bei ya kikwembe kama uzi na unga. Vikundi viwili vinavyotaka kushirikiana kitanda kimoja vilete majina kwa katibu wa chama kabla ya Jumamosi, tukutane uwanjani pa shule. Kila kikundi kije na chupa tano tupu, kijiko, na bidoni moja ya maji yao ya rangi, kifuniko kimefungwa.